Gavana wa Al Garhoud

Picha iliingia mgahawani saa nne asubuhi, imebebwa na wanaume wanne, na ikabidi ipitishwe mlango wa jikoni kwa sababu ule wa mbele ulikuwa mwembamba. Walipoiegemeza ukutani na kuichana karatasi zake, Peninah Kageha aliacha kupanga vikombe akasogea kuitazama. Aliyechorwa alikuwa Mzungu mrefu mwenye masharubu meupe, amevaa koti la sherehe, kifuani nishani saba. Mkono wake wa kushoto ulifichwa nyuma ya kofia yenye manyoya ya ndege. Hakumtazama mtu. Macho yake yalipita juu ya vichwa vyao, kama ya mtu anayeangalia mvua inatokea upande gani.

"Huyo ndiye mwenyewe," alisema Fawaz, mwenye mgahawa, akipangusa vumbi kwenye fremu kwa mkono wa kanzu yake. "Kanali Sir Lionel Garrowby. Shujaa wa vita, halafu gavana. Nimempata mnadani London."

Mgahawa ulikuwa chini ya hoteli moja ya Al Garhoud, hatua chache kutoka uwanja wa ndege. Zamani uliuza samaki, ukafa. Fawaz aliuchukua mwezi wa nne. Alikuwa mtu wa Dubai, mzaliwa wa Deira, lakini mama yake alizaliwa Unguja, na nyumbani kwao pilau na Kiswahili havikukatika. Akaamua kufungua mahali pa vyakula vya Afrika Mashariki, kuku wa kupaka, matoke, nyama ya kuchoma, ndani ya chumba kilichopambwa kama nyumba ya magavana wa zamani. Viti vya henzirani vilikwisha kufika. Feni za mbao zilikwisha kufungwa darini. Jina lilikwisha kuchapwa kwenye menyu: Gavana.

"Peninah, wewe si ulikuwa mwalimu wa historia?"

"Miaka saba, sir. Shule ya upili, Vihiga."

"Mashaallah. Basi kazi hii ni yako." Akamsukumia sanduku la mbao lililokuja pamoja na picha. "Humu mna karatasi zake zote. Nitengenezee hadithi ya dakika kumi. Wageni wakishaagiza chakula, wewe unasimama hapa mbele unawasimulia. Vita, nishani, ugavana. Iwe tamu. Jumamosi ya tarehe ishirini tunaijaribu kwa wageni wangu. Yalla, shika."

Peninah alilipokea sanduku kwa mikono miwili. Miaka mitatu Dubai alikuwa amebeba sahani, trei na mikoba ya wageni, na hakuna mtu aliyewahi kumpa karatasi asome. Alijua kusoma karatasi kuliko mtu yeyote katika jengo lile, na siku ile alitembea hadi chumba cha wafanyakazi akiwa ameinua kichwa.

Kwa muda wa wiki mbili, kila alasiri baina ya chakula cha mchana na cha jioni, aliketi pale na sanduku lake. Mtu aliyeketi naye mara nyingi alikuwa Umaru, bawabu, Mganda wa Iganga aliyepita miaka hamsini. Umaru alikuwa sajini katika jeshi la nchi yake na alikaa Mogadishu vipindi viwili. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi, kilichonyooka. Wenzake wote walimwita Afande.

Wakati huo Umaru alikuwa na shauri lake mwenyewe. Nick, msimamizi wa mgahawa, Mkenya wa Nairobi, alikuwa amemletea sare ya mlangoni iliyofanana na ya askari wa wakati wa ukoloni: tarbushi nyekundu, kaptura ya kaki, na nishani tatu za bati.

"Tarbushi nitavaa," Umaru alimwambia. "Kaptura hapana. Mimi nina wajukuu."

"Afande, ni kostyumu tu. Kila mtu anavaa."

"Na hizi za bati ondoa. Mimi nishani ninayo ya kweli, iko ndani ya sanduku langu, na hata hiyo siivai kufungulia watu mlango."

Nick alitazama mikono ya yule mzee, akakunja kaptura akaondoka nayo. Haikuletwa tena.

Peninah alianza na karatasi za vita, na hakutarajia kumpenda yule mtu, lakini alimpenda. Garrowby alikuwa mtoto wa sita wa mchungaji maskini. Aliingia jeshini kwa sababu shamba halikuwepo la kurithi. Mwaka 1917 alikuwa luteni kusini mwa Tanganyika, kikosi chake kikivuka mto, nusu ng'ambo na nusu majini, bunduki ya rashasha ilipofyatuka kutoka kichakani. Watu kumi na saba walibaki kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya mto, askari kumi na mmoja na wapagazi sita. Mkubwa wake alipiga filimbi ya kurudi. Garrowby alijifunga kamba kiunoni akaingia majini. Akaenda na kurudi mara tatu. Risasi ilimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, na ndiyo sababu mchoraji aliuficha nyuma ya kofia. Alitoa watu kumi na wanne. Aliwatoa wapagazi kwanza, na alipoulizwa baadaye kwa nini, alijibu kwamba wapagazi hawakuwa na bunduki za kujibu.

Kwa dada yake aliandika mstari mmoja tu juu ya siku ile: *Niliambiwa nirudi. Sikuona sababu ya kurudi.*

Peninah alimsomea Umaru ukurasa wote huo, akiugeuza kwa Kiswahili kadiri alivyosoma. Umaru aliacha kupiga viatu rangi.

"Huyu alikuwa mwanajeshi," alisema. "Wapagazi kwanza! Hata leo si wengi."

Basi Peninah aliandika nusu ya kwanza kwa furaha. Aliisema mbele ya kioo, akaipunguza maneno, akaipa mahali pa kunyamaza. Ile sauti ya darasani ilimrudia kooni.

Siku ya tisa alifika chini ya sanduku. Pale palikuwa na faili jembamba la kahawia lililofungwa kwa uzi, na ndani yake telegramu na barua za mwaka 1927, Garrowby alipokuwa na mwaka mmoja katika kiti cha ugavana. Alizisoma zote. Kisha akazipanga kwa tarehe mezani, akazisoma tena taratibu.

Serikali ilikuwa imeamua kwamba watu wa mlima wa Kimwanga wahame. Udongo wa mlima ule ulifaa kahawa, na walowezi walikwisha kugawiwa. Watu walitakiwa wavuke Mto Nyasore na kwenda bondeni kabla ya tarehe thelathini na moja Machi. Tarehe ishirini na nne mkuu wa wilaya alimpigia gavana telegramu: mvua imewahi, mto umefurika, watu wana wazee na ng'ombe, naomba wiki tatu. Jibu lilikuja siku iyo hiyo. *Mto huvukwa. Mimi nimevuka mbaya zaidi nikipigwa risasi. Tarehe haibadiliki.* Tarehe ishirini na nane mkuu wa wilaya aliomba tena. Alijibiwa kwa maneno matatu: *Tarehe ni ileile.*

Walivuka tarehe thelathini na moja, polisi wakiwa nyuma yao. Mkuu wa wilaya aliandika kwamba watu arobaini na mmoja walichukuliwa na maji. Gavana aliandika pembeni ya ripoti, kwa penseli, *Inasikitisha*, na chini yake sahihi. Hakuulizwa. Aliondoka miaka mitatu baadaye, akapigiwa mizinga bandarini, na katika kitabu cha maisha yake, ambacho nacho kilikuwa sandukuni, jambo lote lilipata sentensi moja: Zoezi la Kimwanga lilikamilika kwa tarehe iliyopangwa.

Peninah hakuwa mtu wa kuamini karatasi moja. Alimpigia simu Gerishom, aliyewahi kufundisha naye Vihiga na ambaye kwao ni upande ule wa Nyasore.

"Kimwanga naijua kama kiganja," alisema Gerishom. "Sasa ni kahawa na shule mbili. Kwa nini?"

"Hapo watu walipovukia mto, mnapaitaje?"

"Pale kuna soko. Panaitwa Tarehe."

"Tarehe?"

"Ndiyo, Tarehe. Soko la Tarehe. Jina la zamani tu. Watoto wakiniuliza maana yake huwa nawaambia pengine mnada ulikuwa na tarehe zake. Peninah, umepata nini huko Dubai?"

Akamsomea telegramu. Gerishom akasema kwa sauti ya chini, "Nitumie picha za hizo karatasi. Zote. Leo."

Alasiri ile Nick alimkuta mezani amezungukwa na makaratasi. Akayasoma mawili akiwa amesimama, akayaweka chini.

"Ticha, nakuheshimu sana. Lakini watu wanakuja kudishi. Mtu ana kuku wa kupaka mdomoni, wewe unamwambia habari za maiti? Malizia kwenye nishani. Makofi, chai, kwisha. Sisi wote tuna visa hapa."

"Hata mimi ninayo, Nick."

"Ndiyo nakukumbusha."

Alipoondoka, Peninah alimgeukia Umaru. Jambo moja lilikuwa likimkera kuliko yote.

"Afande, nieleze. Mtu aliyeingia majini mara tatu kuwatoa wapagazi, anawezaje kuwasukuma watu wengine kwenye maji? Ni mtu yuleyule kweli?"

Umaru alifikiri. Alikuwa na desturi ya kufikiri akiangalia kidole gumba chake.

"Ni yuleyule kabisa," alisema. "Mogadishu tulikuwa na meja mmoja. Siku moja aliamriwa tufike kituo fulani kabla ya saa sita mchana. Mimi niko gari la kwanza. Tukaingia mtaa ambao kila siku watoto wanatukimbilia, siku hiyo hakuna hata mmoja. Nikamwambia kwenye redio, Afande, barabara hii siipendi. Akauliza, umeona nini? Nikamwambia, sijaona kitu, ndiyo shida. Akageuza msafara mzima. Makao makuu walimtukana. Wenzake walimcheka mwezi mzima, walimwita Rivasi. Siku mbili baadaye wakachimbua pale bomu la kulipua magari matatu."

"Akapewa nishani?"

"Ya nini? Hakufanya kitu. Aligeuza gari." Umaru alicheka kidogo. "Hakuna nishani ya kurudi nyuma, Mwalimu. Huyu wako alipewa nishani kwa sababu aliambiwa arudi akakataa. Siku ile alikuwa sawa. Sasa akafikiri kukataa kurudi ndiyo ushujaa wenyewe. Ule mto wa kwanza alivuka kwa miguu yake. Ule wa pili alivuka kwa miguu ya watu."

Peninah aliandika nusu ya pili jioni hiyo kabla ya zamu, bila kufuta hata neno.

Kesho yake alimpelekea Fawaz maandishi yote ofisini. Fawaz alisoma ukurasa wa kwanza akitikisa kichwa kwa raha. Wa pili aliusoma bila kutikisa kitu.

"Hii ya pili toa."

"Ni kweli, sir. Karatasi ni zako mwenyewe, zimo sandukuni."

"Sijasema ni uongo. Nimesema toa. Mimi nafungua mgahawa, sifungui mahakama. Khalas."

Peninah akaitoa. Mkataba wake ulikuwa unakwisha Novemba, na Vihiga alikuwa na binti wawili waliokuwa wakisoma kwa kazi ile. Lakini alihisi kama mwalimu aliyefuta ubao kabla darasa halijamaliza kuandika, na hisia hiyo haikumtoka siku nne nzima.

Jumamosi ya tarehe ishirini wageni ishirini na wawili walikuja kula chakula cha mchana cha majaribio. Walikuwa marafiki wa Fawaz, wafanyabiashara wawili wa Al Ras waliomuuzia viungo, mwandishi mmoja wa habari za vyakula, na mbele kabisa, chini ya picha, mama yake, Bi Masuda. Alikuwa mwembamba, mwenye miaka themanini na miwili, amevaa buibui jeusi na miwani mizito. Peninah alipomwendea na kumwamkia shikamoo, yule bibi aliushika mkono wake akakataa kuuachia.

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Kenya, Bibi. Bara."

"Karibu kwetu. Umekula? Usinambie utasimama na njaa ukatuhadithia."

Sahani zilipokwisha kupangwa, Fawaz alimpa ishara. Peninah alisimama mbele ya ile picha kubwa, akaunganisha mikono, akaanza. Aliongea Kiingereza kwa ajili ya wageni na mara kwa mara alimgeuzia Bi Masuda kwa Kiswahili. Alisimulia habari za mtoto wa mchungaji, mto wa kusini na filimbi ya kurudi. Aliposema "wapagazi kwanza," mmoja wa wale wafanyabiashara aliweka kijiko chini. Alipofika kwenye vidole viwili na kuonyesha mahali mchoraji alipovificha, watu wote waliinua vichwa kuitazama ile kofia. Akamalizia kwa mfalme kumbandika nishani kifuani. Makofi yalipigwa, na Fawaz alikuwa anang'aa uso.

"Ehe," alisema Bi Masuda. "Na akishakuwa gavana?"

Makofi yakafifia.

"Mama, hadithi imekwisha," alisema Fawaz kwa Kiswahili, akitabasamu. "Sasa chai."

"Haijesha. Ya vitani nimeyasikia, na mtu huyu nimempenda. Lakini mgahawa wako unaitwa Gavana, hauitwi Luteni. Namuuliza huyu mtoto, alipokuwa gavana alifanya nini?"

Peninah alimtazama Fawaz. Fawaz alitikisa kichwa, kidogo sana, kulia na kushoto. Nick, kando ya mlango wa jikoni, alifumba macho. Peninah alijua kabisa kwamba angeweza kusema, Bibi, alitawala miaka minne akarudi kwao. Sentensi hiyo ilikuwa fupi na haikuwa na uongo ndani yake. Ilimfika mdomoni, na mdomo ukaikataa.

"Alipokuwa gavana, Bibi," alisema, "aliulizwa tena habari ya mto."

Akasimulia. Hakupandisha sauti. Alizisema telegramu kwa moyo, tarehe baada ya tarehe, Kiingereza kwanza, kisha Kiswahili, na lile neno la penseli akalisema mara moja tu. Akasema kwamba pale mahali pana soko, na jina la soko ni Tarehe, na watoto wanaouza ndizi pale hawajui kwa nini. Mwisho akasema, "Nishani ile aliistahili. Na hili nalo ni lake. Mtu ni mmoja."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwandishi wa habari za vyakula alikuwa ameacha kuandika. Bi Masuda aliusogeza uma kando.

"Innalillahi," alisema polepole. "Ahsante, mwanangu. Sasa imekwisha."

Fawaz alimwita ofisini kabla sahani hazijatolewa, akafunga mlango. Uso wake ulikuwa mwekundu.

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia nitoe, sir. Nikatoa. Mama akauliza."

"Ungeweza kusema hujui!"

"Ningeweza, sir. Lakini najua."

Kabla Fawaz hajasema zaidi mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Bi Masuda aliingia akiegemea mkono wa Umaru, aliyekuwa amevaa suruali ndefu na tarbushi, naye Umaru akabaki kizingitini kama mlinzi wa rais.

"Aliyeuliza mimi," alisema yule bibi akijiweka kitini. "Ukitaka kugombeza, nigombeze mimi."

"Mama, menyu zimeshachapwa. Kibao cha nje kimeshatengenezwa. Wageni wameondoka kama wametoka mazikoni."

"Wameondoka wamekula. Nimeziona sahani." Akavua miwani akaipangusa. "Fawaz, picha umeinunua kwa fedha nyingi, sikatai. Lakini mtu umemnunua bila ya kuuliza habari zake. Hata mbuzi, mwanangu, watu humfungua mdomo wakamtazama meno."

Umaru aligeuza uso haraka kutazama ukumbini. Peninah aliuma mdomo. Fawaz alimtazama mama yake, akaketi pembeni ya meza, na hasira ikaanza kumtoka kama upepo unavyotoka kwenye tairi.

"Haya," alisema, akimgeukia Peninah. "Wewe ndiye mwalimu. Unataka nifanye nini? Nimtupe?"

Alikuwa ameuliza kwa kejeli, lakini Peninah alijibu kama ameulizwa kweli.

"La, sir. Ukimtupa, hakuna atakayejua lolote, si zuri wala baya. Mwache akae ukutani, lakini pale koridoni, mtu anaposubiri meza. Karatasi ya nishani iwe upande huu wake, na telegramu upande ule, na maelezo chini kwa Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili. Anayetaka atasoma. Anayetaka pilau ataingia ndani ale pilau yake. Na jina la mgahawa lisiwe lake."

"Liwe la nani?"

"Hilo la kwako, sir. Mimi si mpishi."

Fawaz alicheka bila kupenda. Hakusema ndiyo siku ile. Alimwambia arudi kazini, na kwa siku tatu hakumsemesha ila kwa mambo ya meza. Nick naye alimnunia. "Umetuuza, Ticha," alimwambia, na Peninah akamjibu kwamba yeye hajauza kitu ambacho hakikuwa sandukuni. Usiku alilala vizuri, jambo lililomshangaza mwenyewe. Alikwisha kuandika barua ya kuomba kazi kwingine, ikiwa ingehitajika.

Haikuhitajika. Siku ya nne mafundi walikuja kutoboa ukuta wa koridoni, na siku ya sita kibao cha nje kilipandishwa kikiwa kimefunikwa shuka. Fawaz alimleta mama yake akamwambia avute. Shuka lilidondoka, herufi za buluu zikasomeka: Kwa Masuda.

"Mimi si marehemu," alisema Bi Masuda, akikunja uso. "Majina namna hii huwekewa waliokufa." Lakini alikaa nje kwenye jua la asubuhi dakika nzima akikitazama, na alimwita dereva wake aje akisome naye.

Sare zilirudishwa dukani, na wahudumu wakavaa mashati meupe na suruali nyeusi. Maelezo ya koridoni aliyaandika Peninah kwa Kiingereza na Kiswahili, na mtu wa Fawaz akayatia Kiarabu. Yalipoletwa kuchapwa, Nick, aliyekuwa amesahau kununa, aliona hayana jina la mwandishi. Akachukua kalamu akaongeza mwenyewe chini: Peninah Kageha, mwalimu.

Mgahawa ulifunguliwa mwezi wa kumi, joto lilipoanza kupungua. Ulijaa. Wageni wawili waliandika malalamiko kwamba walikuja kula, si kufundishwa. Wengi walisoma huku wakisubiri meza, wakaingia ndani wakiwa kimya kidogo, wakala. Wakenya na Waganda wa hoteli za jirani walianza kupita wakati wa mapumziko yao, na wale waliokuwa na haraka Umaru aliwafupishia pale pale mlangoni. Gerishom aliandika kwamba zile picha za telegramu amezibandika kwenye ubao wa shule, na kwamba wazee wawili wamekuja kuziona wakaomba wasomewe mara mbili. Mkataba wa Peninah ulipofika Novemba ulisainiwa kwa miaka miwili, na Fawaz alipomkabidhi nakala yake alisema, bila kumtazama, "Mama anakuuliza kila Ijumaa. Nenda ukamwone, usinitie matatani."

Wiki ya pili ya Desemba aliingia mtu mmoja mwenye koti la kazi la uwanja wa ndege, mpakiaji wa mizigo, mabega mapana. Hakutaka meza. Alisimama koridoni akasoma, akarudi mwanzo akasoma tena. Peninah alipopita na trei, alimsimamisha.

"Dada, Peninah Kageha ndiye nani?"

"Ni mimi."

"Naitwa Gervas. Kwetu ni ng'ambo ya Nyasore." Alinyoosha kidole kwenye kioo bila kukigusa. "Hapa umeandika arobaini na mmoja."

"Ndivyo ilivyo kwenye ripoti ya mkuu wa wilaya."

"Ripoti ilihesabu waliokuwa kwenye daftari la kodi, na wake zao. Nyanya ya baba yangu alivuka siku ile na mtoto mgongoni. Yeye alitoka. Mtoto hakutoka. Huyo hayumo hapa, na wa wenzake hawamo. Kwetu majina yao yanajulikana."

Peninah aliiweka trei kwenye meza ya karibu. Chai iliyokuwa juu yake ilikuwa ya meza ya sita, na meza ya sita ingesubiri. Alivuta kiti cha henzirani, akamkalisha yule mtu, akatoa daftari la oda mfukoni, akageuza ukurasa safi.

"Nitajie," alisema.

Gervas alimtajia majina saba aliyoyajua, kisha akampigia shangazi yake simu, na shangazi akaongeza manne. Gharama ya kuchapa upya ilimfanya Fawaz ashike kichwa, lakini alilipa. Wiki iliyofuata, asubuhi moja kabla ya kufungua, Peninah alipanda ngazi koridoni na kibao kipya chenye yale majina kumi na moja mikononi, Umaru akamshikia ngazi chini.

"Imenyooka, Afande?"

"Kulia kidogo. Kidogo. Hapo."

Alikaza skrubu ya mwisho. Nick aliita kutoka ndani kwamba wageni wa kwanza wamefika na wanataka mandazi ya moto. Peninah alishuka, akanawa mikono, akafunga aproni yake, akaenda.